Westlife Hawakutunga Nyimbo Zao, Kwani Shida Iko Wapi?

Leo sina umbea wa nani kaachwa na nani, hao wapo tu na mpaka Ijumaa watakuwa wamerudiana. Leo tupige stori ya muziki, tena muziki wa zamani kidogo, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipolitema sitalala.

Kuna mtangazaji mmoja wa hapa mjini, jina kapuni kwa sababu yeye ana wafuasi wengi na mimi sina wakili, alitupa dongo mtandaoni. Akasema Westlife ni mabishoo waliobahatika tu. Eti hawakutunga nyimbo zao, hawakupiga hata gitaa, walikaa kwenye stuli wakapewa karatasi wakaimba, kwa hiyo hao sio wasanii. Watu wakamshangilia hatari. Mpaka msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, akaenda pale chini kuweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Huyu msanii jamani! Wakati mjini hapa tunajua mashairi yake yanatoka kwa nani, na mwandishi mwenyewe bado anagombania daladala.

Haya sasa, tuongee.

Niseme mapema kwamba kwenye suala la kutunga, mtangazaji hajadanganya. Ngoma kubwa za Westlife zilitoka kwa watu wengine. Swear It Again, Flying Without Wings na World of Our Own ni kazi ya Waingereza wawili, Steve Mac na Wayne Hector. If I Let You Go, Fool Again na My Love zilitoka Sweden, kwa akina Jörgen Elofsson na wenzake wa Cheiron, ile studio ya Stockholm iliyopika pia Backstreet Boys na Britney Spears. Na ukitaka kucheka zaidi, mwaka 2002 walitoa Bop Bop Baby, ambayo Shane Filan na Brian McFadden walishiriki kuitunga. Ikaishia namba 5 Uingereza. Kwa kundi lililozoea namba 1, hiyo ni kama kufeli.

Kwa hiyo ndiyo, hawakutunga. Ninachouliza ni kwamba, tangu lini hilo likawa kosa?

Sisi watu wa pwani tunajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kuimba ni kazi na kutunga ni kazi nyingine. Nenda Zanzibar kwenye taarabu ya asilia. Mshairi anaandika shairi lake, mtu wa muziki anatia sauti, halafu anakuja mwimbaji. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad mpaka uzeeni kabisa. Umewahi kusikia mtu anasema Bi Kidude hana kipaji kwa sababu nyimbo sio zake? Ungechapwa makofi Forodhani mchana kweupe. Tulikuwa tunaelewa kwamba maneno yanaweza kuwa ya fulani lakini kilio ni cha huyu anayeimba. Hii habari ya kwamba msanii lazima aandike kila kitu mwenyewe imekuja na rapu, na kwenye rapu ina maana yake, maana pale mtu anasimulia maisha yake. Ukiichukua ukampimia nayo mtu wa kuimba mapenzi, unapima kitambaa kwa kilo.

Halafu kuna kitu watu hawakijui. Huyo Steve Mac aliyetunga Flying Without Wings mwaka 1999 ndiye huyo huyo aliyekaa na Ed Sheeran wakatoa Shape of You mwaka 2017. Nyie mnaowacheka Westlife mlicheza Shape of You kwenye kila sherehe, mwaka mzima. Kalamu ni ile ile bana.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini mimi nadhani nyimbo zao zilitukamata sana huku kwetu, maana hili nimelifikiria kwa muda mrefu. My Love imeandikwa na Waswidi, watu ambao Kiingereza walijifunza darasani kama sisi. Hawana misemo ya mtaani ya London, hawana maneno ya kukunja. Maneno ni mafupi, ya kawaida, yale unayokutana nayo kidato cha kwanza, na yanakwenda taratibu. Shane naye anatamka kila herufi kama mwalimu anayesoma imla. Matokeo yake mtoto wa Mbagala anaimba wimbo mzima bila kukosea, wakati ngoma za Kimarekani za miaka ile tulikuwa tunaimba kiitikio tu na katikati tunajaza upepo.

Mimi sio wa kizazi chao, nimezaliwa wakati wao tayari wanatamba. Niliwapata kupitia dada zangu waliokuwa na daftari la nyimbo, lile la kurasa themanini lenye maua yaliyochorwa kwa peni nyekundu pembeni. Wimbo unapigwa redioni, wanaandika haraka haraka, sehemu waliyokosa wanasubiri Jumapili nyingine. Ilipofika zamu yangu, unakwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu, unampa jamaa memori kadi, anakujazia nyimbo, na hukuondoka bila Westlife hata kama hukuomba. Kiingereza changu cha kwanza cha kuongea na mtu kwa kujiamini kilitoka humo, sio kwenye kitabu. Na niliishia kidato cha nne, kwa hiyo usinicheke, nilichokipata ndicho hicho.

Na ndiyo maana tumewatumia kila mahali. Soledad, ambayo kule Uingereza haikutolewa hata kama singo, huku ni wimbo wa taifa wa walioachwa. You Raise Me Up utaisikia kwenye mahafali, kanisani, kwenye sendofu wakati binti anamwinukia mama yake, na msibani pia. Seasons in the Sun ndiyo inanishangaza. Watoto wa darasa la saba wanaimba kwa furaha huku wanapunga mikono, wazazi wanapiga picha, na ule wimbo ni wa mtu anayekufa! Anaaga kabisa, anawaambia rafiki yake na baba yake kwamba safari imeisha. Tena asili yake ni ya Mbelgiji Jacques Brel, mwaka 1961, kwa Kifaransa, na mle ndani yule anayekufa anamsema hadi mwanaume aliyekuwa anatembea na mkewe. Mkanada Terry Jacks akaufanya mpole mwaka 1974, Westlife wakaufikisha namba 1 Krismasi ya 1999, na sisi tukaupeleka kwenye mahafali. Muziki una safari zake.

Turudi kwenye hoja. Neno lililoniudhi kwa yule mtangazaji ni "waliobahatika". Hapo ndipo nilipoweka simu chini nikavuta pumzi.

Sligo ni mji mdogo kaskazini magharibi mwa Ireland. Shane Filan, Mark Feehily na Kian Egan walisoma shule moja pale, Summerhill College, na walianza kwa kuigiza Grease jukwaani. Wakaunda kundi la watu sita, likaja kuitwa IOYOU. Mama yake Shane ndiye aliyechukua simu akamsumbua Louis Walsh, meneja wa Boyzone, mpaka akakubali kuwasikiliza. Mama wa kijijini, wadau, bila meneja wala kadi ya biashara. Walsh akawapa nafasi ya kuwafungulia Backstreet Boys shoo Dublin, halafu akamwita Simon Cowell kutoka London aje kuwaona. Cowell akawakataa. Sauti aliziona, sura hakuzipenda.

Hapa ndipo pananiuma. Ili Cowell arudi, vijana watatu kati ya wale sita walikatwa. Watatu! Watu waliofanya mazoezi pamoja, wanaojuana na familia za wenzao, mji wenyewe mdogo mnakutana dukani kila siku. Nafasi zikajazwa na wawili kutoka Dublin, Nicky Byrne, aliyekuwa kipa wa timu ya vijana ya Leeds United, na Brian McFadden. Cowell akarudi, akawachukua. Sisi tunawataja watano, lakini kuna watatu ambao hakuna anayewataja, na nina hakika kila My Love ilipopigwa redioni pale Sligo kuna mtu alizima. Kama unaita hiyo bahati, sawa, lakini bahati ya namna hiyo ina damu ya watu.

Baada ya hapo ni historia. Nyimbo 7 za kwanza, zote 7, namba 1 Uingereza, kuanzia Swear It Again mwaka 1999 mpaka My Love mwishoni mwa 2000. Katikati hapo kuna Against All Odds waliyoimba na Mariah Carey. Wa nane, What Makes a Man, ulikuwa unaelekea huko huko Krismasi ya mwaka 2000, ukakwama namba 2. Aliyewazuia ni Bob the Builder. Ndiyo, yule fundi ujenzi wa katuni za watoto mwenye kofia ngumu. Wanaume watano wamevaa suti nyeupe wamepigwa na kikatuni chenye nyundo. Jumla mpaka leo wana namba 1 za Uingereza 14. Marekani walijaribu, Swear It Again ikafika nafasi ya 20, basi, kule walikuwa na mabishoo wao wa kutosha.

Sasa nitawaudhi mashabiki wenzangu. Kuna miaka ambayo Westlife walistahili kusemwa, na mimi nawasema. Kuanzia kama 2003 hivi walikuwa kiwanda. Kila Novemba albamu, ili wamama wanunue zawadi za Krismasi. Mwaka 2004 wakatoa Allow Us to Be Frank, nyimbo za enzi za Frank Sinatra. Mwaka 2006 wakatoa The Love Album, nyimbo za watu tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mandy ilikuwa ya Barry Manilow kabla yao, You Raise Me Up ni ya Secret Garden na Josh Groban alishaipitia, The Rose ni ya Bette Midler. Ukiondoa You Raise Me Up, ambayo waliichukua wakaifanya yao kabisa, zilizobaki unasikia watu waliochoka. Kukaa kwenye stuli, kusubiri muziki upande ngazi moja, kusimama, kunyoosha mkono. Ukishaona mara tatu unajua ya nne.

Mnaona tofauti? Kosa halikuwa kuimba wimbo wa mtu. Uptown Girl ni ya Billy Joel, na walipoirudia mwaka 2001 kwa ajili ya mchango wa hisani ilikuwa na uhai, unaona wanacheza kweli. Kosa ni kuimba wimbo wa mtu bila sababu yoyote zaidi ya kalenda. Hilo ndilo dongo ambalo mtangazaji angelitupa, ningenyamaza.

Na hicho kiwanda kilikula watu. Brian aliondoka Machi 2004. Alikuwa na miaka 23 na watoto wawili, amezunguka dunia kwa miaka mitano mfululizo. Mashabiki walilia mitaani, wengine wakamwita msaliti. Mimi simlaumu. Kuna kundi moja la hapa kwetu, jina kapuni ila wote mnalijua, lilivunjika hivyo hivyo, mmoja aliomba apumzike miezi miwili mke wake ajifungue, akaambiwa chagua. Akachagua. Sasa hivi wanamtumia kwenye mahojiano kama mfano wa mtu asiye na nidhamu ya kazi.

Lakini stori ambayo kila msanii wa hapa mjini angepaswa kuisoma mara mbili ni ya Shane.

Westlife walitangaza kuachana Oktoba 2011, wakafanya ziara ya kuaga, na shoo ya mwisho ikawa tarehe 23 Juni 2012 pale Croke Park, Dublin, uwanja unaoingiza watu zaidi ya 80,000. Umejaa. Watu wanalia. Shane amesimama mbele anaimba. Na mwezi huo huo, Juni 2012, Shane Filan alikuwa ametangazwa mufilisi. Madeni yaliyoripotiwa yalikuwa kama pauni milioni 18.

Aliimba usiku ule akiwa hana kitu. Fikiria hilo vizuri.

Ilikuwaje? Nyumba. Yeye na kaka yake walikuwa na kampuni ya ujenzi kule kwao. Miaka ile Ireland kila mtu alikuwa anajenga, benki zinagawa mikopo kama pipi, bei za nyumba zinapanda kila mwezi. Mwaka 2008 soko likaanguka, nyumba hazinunuliki, benki zinataka hela zao, na yeye alikuwa ameweka dhamana kwa jina lake mwenyewe. Ikabidi akafungue kesi ya ufilisi Uingereza, kwa sababu wakati ule kwa sheria za Ireland ungekaa mufilisi miaka 12, wakati Uingereza ni mwaka mmoja unaachiwa. Akapoteza nyumba aliyojenga Sligo, akahamia Uingereza na familia. (Mara ya kwanza walipigwa na fundi ujenzi wa katuni, mara ya pili ujenzi wenyewe. Samahani, nimeshindwa kujizuia.)

Na hapa ndipo suala la kutunga lina maana kweli, sio pale mtangazaji alipoliweka. Kutunga hakukupi heshima kuliko kuimba. Kutunga kunakupa hela inayoendelea kuja ukiwa umelala. Kila wimbo ukipigwa redioni, aliyeandika ana fungu lake. Kule Marekani ni hivi, redio ya kawaida ikipiga wimbo inamlipa mtunzi, yule mwenye sauti halipwi hata senti. Uingereza mwimbaji naye anapata chake, lakini anagawana na lebo na wenzake wote. Westlife wameuza zaidi ya rekodi milioni 50, ila hela yao kubwa ilikuwa kwenye ziara, na ziara ikisimama bomba linafungwa. Watunzi wa Stockholm hawakuhitaji kupanda kwenye stuli yoyote. Wamekaa kwao, My Love inapigwa kwenye harusi Tegeta na karaoke Manila, na wao wanahesabu.

Kwa hiyo ukimwona msanii wetu amepanga nyumba Mbezi Beach anajirekodi kila chumba, gari la kukodi limeegeshwa nje, usimuulize kama ametunga wimbo mwenyewe. Muulize jina la nani limeandikwa kwenye ile karatasi ya usajili. Na wewe uliyeenda kucheka pale chini ya posti, unajijua, mlipe yule kijana. Hajakudai hadharani kwa sababu anakuogopa.

Shane alianza upya. Akatoa albamu yake mwaka 2013, na safari hii alikaa akatunga. Wenzake kila mtu na njia yake. Kian alishinda lile shindano la kula wadudu porini kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 2013. Nicky akaiwakilisha Ireland Eurovision mwaka 2016, hata fainali hakufika, lakini alirudi nyumbani anacheka na watu wakampenda zaidi.

Oktoba 2018 wakarudi, wanne bila Brian. Wimbo wa kurudi, Hello My Love, uliandikwa na Ed Sheeran pamoja na, mnakumbuka? Steve Mac. Albamu ya Spectrum ikashika namba 1 Uingereza Novemba 2019. Croke Park ikajaa tena. Desemba 2021 wakafanya shoo mtandaoni kwa ajili ya Wachina kupitia WeChat, watu zaidi ya milioni 20 wakaingia kutazama. Sasa hao milioni 20 wote wamepumbazwa? Mimi nakataa. Unaweza kudanganya watu mwaka mmoja kwa sura nzuri na video ya ufukweni. Miaka ishirini baadaye sura imeshakwisha, nywele zimepungua, kilichobaki ni sauti.

Na kwenye sauti ndipo ninapopata wasiwasi.

Februari 2024 Mark alitangaza kwamba anajiweka pembeni na ziara. Ameugua mfululizo tangu 2020, maambukizi kwenye damu, nimonia, upasuaji juu ya upasuaji. Alichoandika kilikuwa cha upole sana, hakumlaumu mtu. Wenzake watatu wakaendelea na safari kama kundi.

Mashabiki wamegawanyika na mimi nitasema upande wangu. Shane ndiye sura ya Westlife, anafungua nyimbo karibu zote, sauti yake ni kama chai ya asubuhi, haina makosa. Mark ndiye sababu ya wewe kusisimka. Sikiliza Flying Without Wings. Shane anaanza, anakusimulia, umekaa zako vizuri. Halafu anaingia Mark, na pale karibu na mwisho anapanda mpaka unaangalia simu kuhakikisha hujaongeza sauti. You Raise Me Up ni hivyo hivyo, Shane anajenga ngazi, Mark ndiye anayeipanda. Watu wa kwaya watanielewa, kuna yule mmoja ambaye asipokuja mazoezini wimbo unaimbwa lakini mwalimu anakunja uso.

Kwa hiyo Westlife ya watatu ni Westlife? Mimi nasema waendelee kupanda jukwaani, wana familia za kulisha na mmoja wao tunajua alishawahi kuamka hana kitu. Lakini wasimpe mtu mwingine zile sehemu za Mark kana kwamba hakuwepo. Wapunguze nyimbo. Au pale anapoingia, wanyamaze, waache uwanja uimbe. Watu elfu sabini wanaijua ile sehemu kwa moyo, haitaanguka. Na wakirekodi albamu, wamsubiri apone hata kama ni miaka mitatu. Safari hii hakuna anayewadai kitu cha Krismasi.

Kuna rafiki yangu anabisha, anasema kundi likishapungua mtu wa maana lifungwe, watu wakumbuke vizuri. Tumebishana mpaka ameniblokia kwa siku mbili. Wewe uko upande gani, na kati ya Shane na Mark nani alikuwa anakuliza? Povu ruksa, ila matusi ya wazazi nafuta.